Uzi: Stetimenti ya broka na notisi ya faragha, karatasi mbili tunazozifunga bila kuzisoma

MwekaVitabu_Kisumu

Wadau hamjambo. Leo nataka tuongee hisa, lakini si bei. Bei kila mtu anaijua.

Kazi yangu ni kuweka vitabu vya hesabu vya vyama, hivi vikundi vyetu vya akiba na uwekezaji, hapa Kisumu, vingi ni vya wafanyabiashara wa masoko ya Kibuye na Jubilee. Siku hizi chama hakikosi mtu mwenye akaunti ya hisa. Wakubwa wana za NSE, soko la hisa la Nairobi, tangu KenGen ya 2006 na Safaricom ya 2008, vijana wananunua za Marekani kwa simu. Lakini mwulize mtu stetimenti yake ya mwisho, ile taarifa ya akaunti kutoka kwa broka, ilisema nini. Atakwambia ilikuja kwa imeili, hajaifungua. Notisi ya faragha ndiyo usiseme: kidole kinatafuta pa kubonyeza "nakubali" kabla macho hayajafika mstari wa pili.

Hizo karatasi hazitumwi kwa hisani. Broka anazituma kwa sababu sheria inamlazimisha, na sheria inamlazimisha kwa sababu pesa zako na siri zako ziko mikononi mwake. Stetimenti inakuwezesha kumkagua. Notisi inakwambia nani mwingine anapewa habari zako. Mkaguzi wa hesabu zako ni wewe, hakuna mwingine aliyeajiriwa kuifanya hiyo kazi.

Tuanze na NSE kwa sababu wengi wako huko. Watu hudhani hisa zao ziko kwa broka. Haziko. Tangu Novemba 2004 hisa za soko letu zilipoanza kuhifadhiwa kielektroniki, rekodi ya nani anamiliki nini iko CDSC, ile hazina kuu ya hisa. Broka ni wakala wa kukufungulia akaunti ya CDS, yaani akaunti yako ya hisa huko CDSC, na kupitisha maagizo yako. Kwa hivyo kuna rekodi mbili za mali moja: ya broka na ya CDSC. Zinatakiwa kulingana hadi hisa ya mwisho.

Na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Stetimenti ya broka peke yake ni maneno ya broka kuhusu broka. Mliokuwa kwa soko miaka ile mnakumbuka kampuni ya broka ya Francis Thuo ilivyofunga milango 2007, kisha broka mwingine, Nyaga, akawekwa chini ya meneja wa kisheria Machi 2008. Wateja wa Nyaga walikuja kugundua hisa zao ziliuzwa bila wao kutoa agizo. Mfuko wa kufidia wawekezaji upo, lakini kikomo chake ni shilingi 50,000 kwa mtu. Ukiwa na hisa za laki tatu, hiyo ni sehemu ndogo sana ya ulichopoteza. Kwa hivyo usingoje fidia. Omba stetimenti ya CDSC, iweke kando ya ile ya broka, uzisome pamoja.

Naendelea post inayofuata, nieleze namna ya kuisoma.

MwekaVitabu_Kisumu

Chukua ile ya CDSC. Juu kuna namba ya akaunti, jina na anwani. Anza na jina, linganisha na kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kina majina matatu na stetimenti ina mawili, au Atieno ameandikwa Achieno, rekebisha sasa ukiwa na nguvu zako. Siku warithi watakapokwenda na karatasi za mahakama, herufi hiyo moja itawarudisha nyumbani mikono mitupu. Nimeona mjane akihangaika na jambo kama hilo mwaka mzima, na hisa zenyewe hazikuwa na ubishi wowote.

Kisha shuka chini: kampuni, salio la mwanzo, zilizoingia, zilizotoka, salio la mwisho. Macho yako yakae kwenye zilizotoka. Kila mstari hapo uwe na wenzake watatu: agizo ulilotoa wewe, ile kontrakti noti (karatasi ya kuthibitisha biashara) broka aliyokutumia baada ya kuuza, na pesa iliyofika benki au kwa simu. Ukikosa mmoja, simama hapo hapo. Usiseme utauliza mwisho wa mwezi.

Jambo moja la kuwatuliza: biashara ya NSE hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya kununua au kuuza. Ukinunua Ijumaa na kuomba stetimenti Jumatatu, hisa hazitakuwa zimeingia. Hilo si kosa la mtu.

Sasa, CDSC inajua hisa. Pesa zako taslimu zilizokaa kwa broka haizijui. Umetuma 40,000 ununue, bei ikapanda, agizo halikutimia, pesa imelala kwa broka. Rekodi ya pesa hiyo ni stetimenti ya broka pekee. Ndiyo maana ujumbe wa M-Pesa na slipu za benki hazifutwi. Mimi huwaambia wanachama wazipige picha, waziweke mahali pamoja na kontrakti noti. Na kama huna haja ya pesa kukaa kwa broka, iombe irudi kwako.

Maswali karibuni.

Butere_Miwa

Mulembe. Mzee wetu alinunua hisa za Mumias zilipoingia sokoni 2001, kama wakulima wengi huku. Stetimenti ya broka bado inaonyesha hisa zote na thamani yake kwa shilingi. Ndugu zangu wanataka tuziweke kwa hesabu ya urithi kwa hiyo thamani. Ni sawa?

MwekaVitabu_Kisumu

@Butere_Miwa mulembe swa. Pole kwa mzee kama ameshatangulia.

Tenganisha idadi na thamani. Idadi ni kweli: hisa ni zake, zihesabiwe kwenye mali ya marehemu na warithi wazihamishe kwa majina yao. Thamani ndiyo yenye shida. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu (meneja wa kukusanya madeni ya kampuni iliyoshindwa kulipa) 2019 na hisa zake zikasimamishwa sokoni mwaka huo huo. Mashine ya broka inazidisha idadi kwa bei ya mwisho iliyorekodiwa kabla ya kusimamishwa. Bei hiyo hakuna anayekununulia nayo leo. Kwa hivyo andikeni kwenye orodha ya mali idadi ya hisa na kwamba zimesimamishwa, msije mkagawana shamba mkidhani mmoja wenu amefidiwa na Mumias.

Hili linawahusu wengine wote pia. Safu ya thamani kwenye stetimenti ni makadirio ya siku ile iliyochapishwa. Safu ya idadi ndiyo mali yako.

Na ulizeni kuhusu gawio za zamani. Gawio ambazo hazikuchukuliwa hupelekwa kwa mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, chini ya sheria ya 2011. Hazipotei, warithi wanaweza kuzidai huko. Stetimenti ya CDSC haitakuonyesha gawio hizo, ni msajili wa hisa wa kampuni ndiye anayejua.

Mwalimu_Njoro

Asante kwa uzi. Mimi niko upande wa Marekani, nanunua kidogo kidogo kwa programu ya simu kila mshahara ukiingia. Stetimenti zangu zinakuja kila miezi mitatu, rafiki yangu kwa broka mwingine anapata kila mwezi. Kuna aliyekosea? Halafu nilipofungua akaunti nilitumiwa karatasi ya kurasa mbili yenye jedwali la ndiyo na hapana. Sikuielewa kusema kweli, nikaiacha.

MwekaVitabu_Kisumu

@Mwalimu_Njoro hakuna aliyekosea. Swali lako ni zuri, nitalijibu kwa urefu kwa sababu vijana wengi wako hapo ulipo.

Mabroka wa Marekani husimamiwa na SEC, mamlaka ya masoko ya hisa ya kule, na chini yake kuna chombo cha FINRA kinachoandika kanuni za kila siku. Kanuni yake ya 2231 inasema broka anayeshika akaunti za wateja ampe mteja stetimenti angalau mara moja kila robo mwaka, ikiwa akaunti ina hisa, ina salio la pesa, au kuna jambo lolote lililofanyika tangu stetimenti iliyopita. Ionyeshe hisa ulizonazo, pesa zilizopo, na shughuli zote za kipindi hicho. Robo mwaka ndicho kima cha chini. Anayetuma kila mwezi amependa mwenyewe.

Ndani ya stetimenti hiyo tafuta aya moja ndogo, mara nyingi iko nyuma au chini kabisa. Kanuni inataka iwepo. Inakwambia ukiona kosa lolote uripoti haraka kwa broka, na kwa kampuni inayoshika hisa ikiwa ni tofauti na broka, na kwamba malalamiko uliyoyatoa kwa mdomo uyathibitishe kwa maandishi ili kulinda haki zako. Kwa nini maandishi? Kwa sababu broka akianguka, kuna ulinzi wa SIPC, shirika la kulinda wateja wa mabroka walioanguka, unaofika dola 500,000 kwa mteja, ndani yake pesa taslimu zisizidi 250,000. Atakayekuja kufilisi kampuni atakuta rekodi za broka zinasema hivi na wewe unasema vile. Simu uliyopiga haina ushahidi. Imeili uliyotuma ina tarehe. (SIPC haifidii hisa iliyoshuka bei, hilo watu hulichanganya sana.)

Sasa angalia jina la nani liko juu ya stetimenti yako. Programu nyingi tunazotumia huku ni mlango tu, nyuma yake kuna broka wa Marekani, na nyuma ya huyo kampuni nyingine inayoshika hisa. Kama stetimenti inatoka kwa programu peke yake na hakuna mahali pamoja panapotaja broka wa Marekani na namba yako ya akaunti kwake, waandikie uwaulize kwa maneno haya: hisa zangu zimeandikwa kwa jina la nani, nani anazishika, na je, mimi ni mteja wake wa moja kwa moja au niko ndani ya akaunti ya pamoja? Jibu hilo ndilo litakaloamua kama ulinzi wa kule unakufikia wewe kwa jina lako. NSE pia ina akaunti za mtindo huo, za kushikiwa kwa niaba. Ukiwa ndani ya hizo, CDSC inaona jina la anayekushikia, kwa hivyo ule ulinganifu niliousema mwanzo huwezi kuufanya mwenyewe. Mimi kwa chama nakataa akaunti za namna hiyo. Kwa mtu binafsi anayeanza na shilingi mia tano, naelewa.

Ukiwa bado na stetimenti mkononi angalia mstari wa kodi kwenye gawio. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo gawio la hisa za kule hukatwa asilimia 30. Hapa kwetu mkazi hukatwa asilimia 5. Ile fomu ya W-8BEN uliyojaza, ya kuthibitisha kwa ajili ya kodi kwamba wewe si Mmarekani, huisha mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioisaini, ijaze upya broka akikuambia.

Karatasi ya jedwali, post inayofuata.

MwekaVitabu_Kisumu

Hiyo ndiyo notisi ya faragha. Inatokana na sheria ya Marekani ya 1999 iitwayo Gramm-Leach-Bliley, na kanuni ya SEC iitwayo Regulation S-P. Broka anatakiwa akupe unapokuwa mteja. Zamani ilikuwa lazima airudie kila mwaka. Tangu Desemba 2015 anasamehewa ya kila mwaka kama habari anazitoa kwa zile sababu tu ambazo sheria haikupi nafasi ya kukataa, na kama hajabadilisha sera yake. Kwa hivyo ukitumiwa mpya ghafla, usiifute. Inawezekana kuna kitu kimebadilika.

Jedwali lina safu tatu. Ya kwanza: sababu za kugawa habari zako. Ya pili: je, tunagawa? Ya tatu: je, unaweza kuzuia? Mstari wa juu ni shughuli za kawaida: kutekeleza maagizo, kutunza akaunti, kujibu amri za mahakama. Hapo utakuta ndiyo na huwezi kuzuia, na ni haki, la sivyo broka hawezi kukufanyia kazi. Endelea kushuka. Kuna matangazo yao wenyewe, matangazo ya pamoja na kampuni nyingine za fedha, kampuni dada, na mwisho kabisa kampuni za nje zisizo na uhusiano nao zinazotaka kukuuzia vitu. Mstari huo wa mwisho ndio wa kukodolea macho. Mstari huo ukiwa na ndiyo, lazima safu ya tatu pia iseme ndiyo, na wakupe njia rahisi ya kukataa: namba ya simu, tovuti au fomu. Kukulazimisha uandike barua yako mwenyewe kama njia pekee hakukubaliki kule. Mteja mpya hupewa siku 30 kabla hawajaanza kugawa, lakini haki ya kukataa haiishi siku hizo, unaweza kukataa hata baada ya miaka. Na kuipa kampuni ya nje namba ya akaunti yako kwa ajili ya matangazo ni marufuku.

Kanuni hiyo iliongezewa meno Mei 2024. Habari nyeti za mteja zikiibwa au kukiwa na uwezekano wa kweli kwamba zimeibwa, broka amjulishe mteja mapema iwezekanavyo, isipite siku 30 tangu ajue. Kampuni kubwa zilipewa hadi Desemba 3, 2025 kujipanga, ndogo hadi Juni 3, 2026.

Mwalimu, itoe ile karatasi, nenda mstari wa mwisho, utuambie imesema nini.

Mwalimu_Njoro

Nimeitafuta kwa imeili. Kampuni za nje: hapana. Kampuni dada kunitangazia bidhaa: ndiyo, na naweza kuzuia. Namba ya simu ni ya Marekani lakini kuna kiungo cha tovuti. Nimezuia sasa hivi, imechukua dakika chache.

Kondele_Fundi

Nyinyi mnaongea ya Marekani, mimi yangu ni ya hapa. Kuna mtu alinipigia simu akanitaja majina yangu yote na akajua nina hisa za benki fulani. Ati aniingize kwenye uwekezaji wa fedha za kigeni, faida kila wiki. Nilikata. Lakini alijuaje? Na nikimtaka broka afute habari zangu zote inawezekana?

Wakili_Milimani

Ndugu @Kondele_Fundi, ulifanya vyema kukata. Hebu nikujibu upande wa sheria, mwenye uzi ataongeza.

Faragha yako imo kwenye Katiba, Kifungu cha 31. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ndiyo inayoifafanua. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuambiwa data yako inatumika kwa nini, kuiona data waliyonayo, kupinga isitumike, kurekebishiwa, na kufutiwa ile iliyo ya uongo au ya kupotosha. Kutumia data yako kibiashara kunahitaji idhini yako ya wazi, au sheria iliyoandikwa inayoruhusu na wewe uwe umejulishwa.

Kuhusu kufuta zote: hapana. Broka ni taasisi inayobanwa na sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa ya 2009, na sheria hiyo inamtaka atunze kumbukumbu za miamala kwa miaka isiyopungua saba. Akifuta kesho kwa sababu umemwomba, yeye ndiye mwenye kosa. Unachoweza kudai ni kwamba zisitumike kwa jambo jingine lolote, hasa matangazo.

Anza kwa kuomba nakala ya data waliyonayo juu yako, na orodha ya waliopewa. Kanuni za 2021 zinawapa siku saba kujibu ombi la kuona data, bila kukutoza. Ukiomba kurekebishiwa ni siku kumi na nne. Wasipojibu, peleka lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lalamiko linatakiwa lihitimishwe ndani ya siku 90. Na ofisi hiyo haichezi: Septemba 2023 ilizitoza faini taasisi tatu, mkopeshaji wa mtandaoni, mgahawa na shule, jumla yake ikapita shilingi milioni 9.

MwekaVitabu_Kisumu

Asante wakili. Niongeze kimoja tu kwa @Kondele_Fundi. Usimhukumu broka wako kabla hujapata jibu. Jina lako na hisa zako ziko kwa broka, ziko CDSC, ziko kwa msajili wa kampuni, na wakati mwingine ziko kwenye simu ya wakala wa mtaani aliyekujazia fomu akapiga picha kitambulisho chako. Huyo wa mwisho mimi humwogopa zaidi. Fomu ya kufungua akaunti ina jina lako, kitambulisho, PIN ya kodi ya KRA, namba ya simu, benki, na mrithi wako. Mtu akiwa na hiyo karatasi ana maisha yako yote. Ijaze ofisini, au uijaze mwenyewe kwenye tovuti ya broka. Usimtumie mtu kwa WhatsApp kwa sababu ni jirani.

Na kama broka amevamiwa na data kuibwa, sheria yetu inamtaka amjulishe Kamishna ndani ya saa 72, na wewe ujulishwe kwa maandishi. Ukisikia habari kwa magazeti kabla hujasikia kwa broka, hiyo ni sababu tosha ya kuandika barua.

Lanet_Boda

Wadau kwa heshima, mimi nina hisa za elfu tano. Nikae nikilinganisha karatasi mbili na kuandika barua kwa ajili ya elfu tano? Muda huo nimepata wateja wangapi hapa stejini.

MwekaVitabu_Kisumu

@Lanet_Boda naelewa, na jasho lako nalijua. Lakini fikiria anayetaka kuiba. Haendi kwa mwenye milioni kumi, huyo ana mhasibu na wakili. Anakwenda kwa maelfu ya watu wenye hisa mia tano mia tano za 2008, hawajabadilisha namba ya simu kwa broka, hawajafungua stetimenti tangu zamani, na wengine wameshakufa. Akaunti zilizolala ndizo chambo. Hutakiwi kufanya kazi hii kila wiki. Hakikisha tu namba ya simu na imeili iliyoko kwa broka ni ile unayotumia leo, na stetimenti ikija uangalie safu ya zilizotoka. Hiyo ni kazi ya abiria mmoja kukuchelewesha.

Mama_Kibuye

Mwanangu asante, sisi wengine tunakusoma kimya. Akaunti ya chama chetu iko kwa jina la chama lakini stetimenti inakwenda kwa imeili ya mweka hazina peke yake. Yeye ni mtu mzuri, hatuna shaka naye. Ila anatusomea salio kwa mkutano, hatujawahi kuiona karatasi. Tukiomba ataona tunamshuku.

MwekaVitabu_Kisumu

Mama shikamoo. Hilo msilifanye kuwa la mtu, lifanyeni kuwa la katiba ya chama. Pitisheni azimio kwamba stetimenti za broka na za CDSC zitumwe kwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina kwa pamoja, na zichapishwe zisomwe mkutanoni. Andikeni kumbukumbu, viongozi watie sahihi, mpeleke nakala kwa broka ili abadilishe anwani. Mweka hazina mzuri atafurahi, maana siku kukitokea tofauti atakuwa na mashahidi kwamba hakuficha kitu.

Hata kule Marekani jambo hili wameliona. Mteja akitaka stetimenti yake iende kwa mtu mwingine, kanuni inataka atoe maagizo kwa maandishi, na broka bado aendelee kumtumia mwenyewe nakala. Mwenye mali haachwi gizani kwa sababu ameweka mtu wa kumsaidia.

Na Mama, nilinde faragha yenu pia: stetimenti ya chama isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili. Ina namba ya akaunti. Karatasi isomwe, irudishwe kwenye faili.

Mama_Kibuye

Marahaba. Mkutano ni Jumapili, nitaleta hoja mwenyewe.

Kondele_Fundi

Naomba basi mtu aniandikie hiyo barua ya kuomba data na stetimenti. Mimi mkono wangu ni wa spana.

Wakili_Milimani

Chukua hii, jaza zako. Tuma kwa imeili ya malalamiko au ya ulinzi wa data iliyoandikwa kwenye notisi yao ya faragha, na ujitumie nakala mwenyewe.

"Kwa afisa wa ulinzi wa data na meneja wa huduma kwa wateja.

Mimi ni mteja wenu, jina (kama lilivyo kwenye kitambulisho), akaunti ya CDS namba (…).

1. Naomba stetimenti ya hisa na ya pesa taslimu kuanzia tarehe (…) hadi leo, pamoja na kontrakti noti za kila ununuzi na uuzaji uliofanyika.

2. Chini ya Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, 2019, naomba nakala ya data yote binafsi mliyonayo kunihusu, sababu za kuitumia, na majina ya watu au kampuni zilizopewa data hiyo.

3. Napinga data yangu kutumiwa kwa matangazo ya aina yoyote, yenu au ya wengine.

4. Namba yangu ya simu na imeili ya sasa ni (…). Zozote nyingine mlizonazo ziondolewe kwenye akaunti yangu baada ya kuthibitisha nami ana kwa ana au kwa simu hii.

Tarehe (…), sahihi (…)."

Ukikuta tofauti kwenye stetimenti, ongeza aya ya tano: taja tarehe, kampuni, idadi ya hisa, na neno moja tu, "sikuagiza". Nakala yake mpelekee CDSC, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kama broka hatakujibu.

Kondele_Fundi

Nimeituma. Nikijibiwa ndani ya siku saba nitarudi hapa, nisipojibiwa pia nitarudi.

MwekaVitabu_Kisumu

Rudi, tunakungoja. Na ukituma kwa CDSC usisahau kuambatisha nakala ya kitambulisho, uiandike juu kwa kalamu tarehe na "kwa ombi la stetimenti tu", ili nakala hiyo isije ikatumika kwa jambo lingine.